Mlalamikaji Rasmi wa Mapambazuko

Nchi ninayotaka kuisimulia ipo, ila msijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Ramani zake zilipotea siku ileile ulipoletwa mfumo mpya wa kompyuta, na mpaka leo Wizara inasema hazikupotea, zimehamishiwa mahali pazuri zaidi. Mimi ni mtu wa kawaida, nazipenda serikali zote, na sina ugomvi na yeyote. Nasimulia tu yaliyompata Sista Chausiku Mbwilo, muuguzi wa hospitali ya Mtungwe, na Bwana Teofili Nyalusi aliyetumwa kumtafuta, kwa sababu wengi wameyasimulia vibaya wakaiacha Wizara ionekane kama haikufanya chochote. Wizara ilifanya mengi.

Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani kile kinachoiamsha ukiiwasha na kuiambia barua ziko wapi na picha ziko wapi. Nchi ile ilikuwa na mfumo wa siku nyingi ambao watu waliuita Mkongwe. Ulikuwa wa polepole na sura yake ya kijivu, lakini watumishi walikuwa wameuzoea kama mtu anavyozoea ngazi za nyumbani kwake. Waliutumia huku wakizungumzia michango ya harusi. Hilo ndilo lililomuudhi Waziri wa Mifumo, Mheshimiwa Kirumbuyo. Alitembelea ofisi moja akamkuta karani anaandika bila hata kutazama kioo cha kompyuta.

"Huyu hauoni mfumo," alisema Waziri kwa uchungu. "Mfumo wa kisasa lazima uonekane."

Basi ukaundwa mfumo mwingine, ukaitwa Mapambazuko, na hakuna aliyeweza kulalamika kwamba hauonekani. Ulikuwa wa bluu kali. Kila asubuhi uliamka na picha ya Waziri akitabasamu, na tabasamu hilo halikuondoka mpaka umelitazama vya kutosha. Kitufe cha "Anza" kilikuwa kimeondolewa. Mbunge mmoja alipouliza sababu, Waziri alisimama akajibu, "Mheshimiwa Spika, nchi hii ilikwishaanza zamani. Anayetaka kuanza leo atueleze alikuwa wapi miaka yote hii." Wabunge walipiga meza. Kitufe cha "Zima" nacho kiliondolewa, kwa kuwa hakikuonyesha uzalendo. Pipa la taka lilibaki palepale, ila likaitwa Hazina.

Kilichowachanganya watu zaidi ni mpangilio. Chini ya Mkongwe, vitu vilipangwa kwa majina yake: ardhi ilikuwa kwenye ardhi, kodi kwenye kodi. Wataalamu wa Mapambazuko waliona huo ni ushamba. Wao walipanga kwa tabia. Mishahara, harusi na leseni za baa ziliwekwa kwenye "Furaha". Magereza na makaburi yaliwekwa kwenye "Utulivu". Hati za viwanja zilikwenda kwenye "Ndoto". Na kila kitu kinachotiririka, yaani maji ya bomba, dizeli, soda za wageni na damu ya hospitali, kilikusanywa kwenye "Vimiminika" na kupewa idara yake makao makuu. Hapakuwa na ubaya wowote katika hilo, ukilisoma kwenye karatasi.

*

Siwezi kuficha kwamba mapokezi hayakuwa mazuri.

Hakimu mmoja aliitafuta kesi ya wizi wa mbuzi, mfumo ukamletea picha ya mbuzi. Aliitazama kwa muda, akaahirisha shauri. Walimu walitafuta matokeo ya mitihani wakaambiwa kuwa matokeo yanaweza kuumiza hisia. Kule ofisi ya ardhi kulikuwa na karani mmoja aitwaye Bwana Mahundi, mtu mpole, mzee wa kanisa, ambaye asubuhi ya kwanza ya Mapambazuko alisikika mpaka ng'ambo ya barabara. Sitayaandika aliyoyasema. Naweza tu kusema kwamba mengi yalimhusu mama mzazi wa Mapambazuko.

Watu waliomba warudishiwe Mkongwe. Wakajibiwa kuwa Mkongwe amestaafu na apewe nafasi apumzike.

Wapo pia walioupenda mfumo, lazima niwe mkweli. Wasichana wa mapokezi waliipenda ile bluu. Wakuu wa idara waliupenda zaidi. Zamani mkuu wa idara alilazimika kubuni sababu mpya kila siku ya kumrudisha mwananchi nyumbani. Sasa wote walikuwa na moja iliyotosha: "Mfumo unajisasisha, njoo kesho." Aliyeusifu kuliko wote ni Mkuu wa Usafirishaji, ambaye alihojiwa redioni akausifu mpaka machozi yakamlengalenga. Kompyuta yake, ilikuja kujulikana baadaye, ilikuwa bado kwenye boksi lake, na yeye alilitumia kuwekea miguu.

Wizara haikukaa kimya. Iliamua kuwauliza watumiaji wenyewe. Kila mtumishi alipoiwasha kompyuta yake, kabla ya kazi yoyote, alikuta swali: "Umeridhika kiasi gani?" Majibu yalikuwa matatu: "Nimeridhika", "Nimeridhika sana", na "Nimeridhika, nashindwa kueleza". Wale waliochagua jibu la kwanza waliitwa mmoja mmoja wakaulizwa wana kinyongo gani na serikali. Baada ya hapo hakuna aliyelichagua tena. Matokeo yalipotangazwa, nchi nzima ilikuwa inashindwa kueleza.

*

Tatizo lilikuja na wageni.

Mapambazuko yalijengwa kwa msaada wa wafadhili kutoka nchi za baridi, na wafadhili walimtuma mama mmoja aitwaye Bi. Hedvig aje kuona kama yako tayari kwa awamu ya pili. Bi. Hedvig alikuwa mtu wa adabu sana. Aliyasoma matokeo mpaka mwisho, akayafunga, akasema kwamba ni mazuri kupita kiasi. Kwao, alieleza, mfumo mpya hupata maoni mchanganyiko. Wengine husifu, wengine hulalamika. Pasipo na mlalamikaji, wakubwa wake hawataamini kwamba kuna uhuru, na awamu ya pili haitakuja.

Siku hiyohiyo Waziri alimwita Nyalusi.

Teofili Nyalusi alikuwa mkalimani wa Wizara. Kazi yake ilikuwa kuyageuza maneno ya wageni yaeleweke kwa Waziri, na maneno ya Waziri yaeleweke kwa wageni, na hii ya pili ilimchosha zaidi. Alikuwa amehudhuria mikutano ya Wizara kwa miaka mingi bila kusema hata sentensi moja ya kwake. Wenzake walimheshimu kwa hilo. Mikononi mwake neno lilipita kama maji kwenye bomba, na hakuna anayelichukia bomba.

"Nyalusi," alisema Waziri, "tunataka mlalamikaji."

"Wapo, Mheshimiwa. Hata hapo getini nimewapita."

"Wale wanachukia. Sijakuambia uniletee anayechukia. Nataka anayelalamika. Mtu mmoja, mstaarabu, kutoka mkoani, avae vizuri. Alalamikie kitu kidogo."

"Kama nini, Mheshimiwa?"

Waziri alifikiri. "Rangi. Aseme angependa kijani."

*

Mtu angedhani hiyo ni kazi nyepesi katika nchi iliyonuna kiasi kile. Nyalusi alianzia ofisi ya ardhi. Kabla hajafika mlangoni alimsikia Bwana Mahundi ndani akigombana na kompyuta kwa maneno ambayo wazee wa kanisa huyasoma tu. Alipoingia na kitambulisho cha Wizara kifuani, Mahundi alisimama wima.

"Mapambazuko yamenibadilishia maisha," alisema Mahundi.

"Bwana Mahundi, nimekusikia tangu nje."

"Nilikuwa naimba."

"Unaruhusiwa kulalamika. Nimetumwa na Waziri mwenyewe. Tunamtaka mtu wa kulalamika, atalindwa."

Mahundi aliposikia neno "atalindwa" alianza kutetemeka. Alimshika Nyalusi mkono, akamwambia ana watoto shuleni, ana mama mgonjwa, na ameridhika mpaka anashindwa kueleza.

Ikawa hivyo kila alikokwenda. Walimu waliomlaani Waziri kwenye chumba cha chai waliusifu mfumo mara mlango ulipofunguliwa. Askari mmoja wa barabarani aliomba aruhusiwe kuisifu picha ya asubuhi, ingawa hakuna aliyemuuliza. Nyalusi alirudi makao makuu amechoka, akaenda kwa afisa wa nidhamu, akamuuliza kama anamjua mtu yeyote katika nchi hii ambaye haogopi.

Afisa wa nidhamu alikuna kichwa. "Yupo mmoja Mtungwe. Ila huyo hakulalamika. Huyo alivunja."

*

Sista Chausiku Mbwilo alikuwa muuguzi kiongozi wa wodi ya wazazi. Nyalusi alimkuta nyumbani kwake mchana, amekaa kibarazani anachambua mchicha, kwa kuwa alikuwa amesimamishwa kazi akisubiri kesi ya nidhamu. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini, na alimkaribisha mgeni kiti kabla ya kumuuliza anatoka wapi.

"Wizara ya Mifumo," alisema Nyalusi.

"Basi kaa, kaka. Umetoka mbali."

Nyalusi alieleza alichotumwa. Alikieleza vizuri, kwa maneno laini, kama alivyozoea kuwaeleza wageni. Sista atakwenda mji mkuu. Atasimama mbele ya watu na kulalamika kidogo. Kesi yake itafutwa na atarudi kazini.

"Nilalamikie nini?" aliuliza Sista.

"Rangi."

Sista aliendelea kuchambua mchicha. Nyalusi alidhani hakusikika vizuri, akarudia.

"Nimekusikia," alisema Sista. "Nafikiria rangi yenyewe. Unajua kesi yangu ni ya nini?"

"Uharibifu wa mali ya mfumo."

"Nilivunja kufuli la friji la damu. Mmetuletea kufuli linalofunguliwa na kompyuta. Zamani ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Mapambazuko yalipokuja, nikitaka chupa ya damu naingia kwenye Vimiminika, naomba, halafu makao makuu ndiyo yanafungua. Siku nyingine yanafungua. Haya, tuishi hivyo."

Alisimama akamletea Nyalusi maji, akakaa tena.

"Palikuwa na dada mmoja anaitwa Mwajabu. Alikuwa anauza vitumbua getini kwetu, sote tunamjua. Alijifungua mtoto wa kiume, mzuri tu, halafu damu ikawa haikatiki. Damu ya kundi lake ilikuwepo. Friji lile lina mlango wa kioo na liko palepale wodini, naiona chupa. Naingia kwenye kompyuta, inaniambia, 'Tafadhali subiri. Tunakuandalia furaha yako.' Inajisasisha. Nikapiga simu hiyo idara yenu ya vimiminika. Kijana akaniuliza ni dizeli au petroli. Nikamwambia ni damu. Akaniambia mkubwa wake yuko kwenye kikao cha kuridhika kwa watumiaji."

Nyalusi alikuwapo kwenye kikao hicho. Alikitafsiri.

"Alikufa anaitazama ile chupa," alisema Sista. "Mimi nilikuwa nimemshika mkono, na mkono mwingine uko kwenye kompyuta, nabonyeza. Haukupita muda akaja mwalimu Asteria, hali ileile. Huyo sikumsubirishia mfumo. Nilichukua spana ya mitungi ya oksijeni nikalipiga kufuli mpaka likaachia. Asteria yuko kwake, anafundisha. Asubuhi nikakuta mfumo umenishtaki wenyewe. Umeandika kwamba friji limeumizwa."

Sista alichambua majani mawili matatu, kisha akauliza, "Nikilalamikia rangi narudi wodini kweli?"

"Kweli, Sista. Nimeambiwa na Waziri."

"Pale wodini amebaki binti mmoja tu, hajakaa hata mwaka kazini. Analia kila jioni." Aliufunga mchicha kwenye gazeti. "Nitasema la rangi, kaka. Mwambie mkubwa wako nitasema."

*

Wizara iliunda kamati ya kumtungia Sista lalamiko. Baada ya vikao kadhaa vyenye chakula, lalamiko likawa hivi: "Mimi, Chausiku Mbwilo, pamoja na kuridhika kwangu kukubwa, naona kwamba bluu ya Mapambazuko ingeweza kuwa kijani." Mjumbe mmoja alisema "ingeweza" ni neno kali, lina harufu ya uchochezi. Mwingine alisema bila "ingeweza" wageni hawataamini kuna demokrasia. Walipiga kura. "Ingeweza" ilibaki kwa kura moja, ya mwenyekiti, naye aliomba jina lake lisitajwe.

Sista alifundishwa kulisema akiwa ameinamisha kichwa kidogo. Alilisema vizuri. Kamati ilimpigia makofi.

Siku ya siku, ukumbi mkubwa wa mji mkuu ulijaa watumishi walioletwa kwa mabasi. Walikaa na nyuso za watu waliopelekwa kutazama jino la mwenzao liking'olewa. Jukwaani kulikuwa na Waziri, Bi. Hedvig, Nyalusi na kipaza sauti chake, na nyuma yao kioo kikubwa kama ukuta wa nyumba, ambacho kilionyesha Mapambazuko yakiwaka bluu.

Waziri alihutubia kwanza. Alisema zamani taifa lilitumia kompyuta, na sasa kompyuta zinalitumia taifa, na hayo ndiyo maendeleo. Alisema wanaoukumbuka Mkongwe ni watu wanaolia kwa sababu wamenyang'anywa mzigo. Alisema yeye mwenyewe hulala akiyawaza Mapambazuko. Hapo mtu mmoja nyuma alisema jambo, ukumbi ukacheka, lakini halikufika mbele. Nyalusi alitafsiri yote bila kuongeza wala kupunguza, na Bi. Hedvig aliandika.

"Na sasa," alisema Waziri, "kwa kuwa sisi ni nchi huru, tutamsikiliza mlalamikaji."

Sista Mbwilo alipanda jukwaani amevaa gauni lake la kazi, jeupe, limepigwa pasi. Aliinamisha kichwa kidogo.

"Mimi, Chausiku Mbwilo," alisema, "pamoja na kuridhika kwangu kukubwa..."

Hapohapo kioo cha nyuma kilizimika, kikawaka tena. Mapambazuko yalikuwa yameamua kujisasisha. Maneno yalijitokeza juu ya kioo kizima, makubwa, meupe, kila mtu akayasoma: "Tafadhali subiri. Tunakuandalia furaha yako."

Sista aligeuka kuona watu wanatazama nini. Aliyasoma. Alibaki amewapa watu mgongo kwa kitambo, na wale wa kamati wakaanza kumnong'oneza: kijani, Sista, kijani.

Alipogeuka hakuinamisha kichwa.

"Naombeni radhi," alisema kwa ile sauti yake ya chini, "niliambiwa niseme kuhusu rangi. Sina neno na rangi. Mimi maneno hayo yaliyoandikwa hapo niliyasoma nikiwa nimemshika mkono mama aliyekuwa anatokwa damu. Anaitwa Mwajabu. Damu yake ilikuwepo, imefungiwa. Tulisubiri kama tulivyoambiwa. Furaha haikuja, akafa. Ana mtoto, analelewa na bibi yake. Aliyefuata nilimvunjia kufuli, na huyo yuko hai. Kwa huyo aliyepona nimeshtakiwa. Kwa huyo aliyekufa hakuna mtu aliyeniuliza kitu. Ni hilo tu nililokuwa nalo."

Bi. Hedvig, ambaye hakuelewa hata neno moja, aliona nyuso za watu, akamgeukia mkalimani. Waziri naye alimgeukia.

"Rangi," alisema Waziri taratibu bila kuachanisha meno. "Mwambie rangi."

Nyalusi aliinua kipaza sauti. Wanaomfahamu wanasema alikuwa na sura ya mtu anayetafuta miwani yake. Alijua sentensi ya kijani kwa lugha zote mbili, aliitafsiri tangu wiki iliyopita ikakaguliwa na kamati. Alifungua mdomo, na ikatoka ile nyingine. Alimwambia Bi. Hedvig kuhusu Mwajabu na vitumbua vyake, chupa iliyoonekana kwenye kioo cha friji, na simu ambayo Sista aliulizwa ni dizeli au petroli. Mengi ya hayo Sista hakuyasema jukwaani, Nyalusi aliyaongeza. Kisha akasema, kwa lugha ya wageni, "Na mimi nilikuwa kwenye kile kikao cha kuridhika." Ilikuwa sentensi yake ya kwanza, na haikuwa ndefu.

Bi. Hedvig alisikiliza akiwa ameweka mkono kifuani. Macho yake yalilowa, hilo watu wengi walishuhudia. Aliandika kwa muda. Kisha akauliza swali moja, na Nyalusi akalisikia, na akaomba alirudie.

"Anauliza," alimwambia Sista, "kuhusu rangi. Je, huyo mama aliipenda?"

Sista alimtazama mgeni bila chuki, kama anavyomtazama mtu aliyeletwa hospitali amechelewa.

"Mwambie hakuiona," alisema. "Alikuwa anatazama friji."

Bi. Hedvig alipotafsiriwa alitikisa kichwa kwa heshima, akaandika na hilo.

Ndipo mtu akasimama katikati ya ukumbi. Alikuwa Bwana Mahundi wa ofisi ya ardhi, ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mimi," alisema, "sikuwa naimba."

Akakaa. Lakini ilitosha. Mwalimu akasimama, kisha hakimu wa mbuzi, kisha askari wa barabarani, na baada ya hapo haikuwezekana kujua nani amesimama na nani amekaa. Walisema yote waliyokuwa wanayasema kwenye vyumba vya chai. Kamati ilikimbilia mlango wa nyuma. Nyalusi alitafsiri mpaka sauti ikamkauka, na Bi. Hedvig aligeuza ukurasa baada ya ukurasa huku uso wake ukizidi kung'aa. Mwisho alisimama akamshika Waziri mkono kwa mikono yake yote miwili. Hajawahi kuona, alisema, maoni mchanganyiko ya kiwango hiki. Awamu ya pili imepitishwa.

*

Waziri alitaka kumfukuza Sista siku hiyohiyo, lakini haikuwezekana. Jina lake lilikuwa limekwishaandikwa kwenye taarifa ya wafadhili kama ushahidi wa uhuru, na huwezi kufukuza ushahidi. Alirudishwa wodini. Nyalusi hakufukuzwa pia, kwa sababu bila yeye Waziri asingeelewa barua ya pongezi. Barua ilipokwisha kutafsiriwa alihamishwa tu kutoka kwenye ukalimani akawekwa kwenye chumba chenye ubaridi, kazi yake kutazama kioo kikubwa chenye taa ndogo, kila taa ikiwa kufuli moja la hospitali, ya kijani likiwa limefungwa.

Wale wanaosema Wizara haikusikia kilio cha wananchi wanaionea. Katika awamu ya pili, Mapambazuko yalibadilishwa kutoka bluu kuwa kijani. Na kuhusu lile la Mtungwe, wataalamu walikaa, wakalichambua, wakagundua kwamba mgonjwa aliumia kwa kuiona chupa. Kwa hiyo kila friji la damu liliondolewa mlango wa kioo, likawekewa mlango wa bati, na kufuli jipya ambalo spana hailiwezi.

Kufuli la Mtungwe lilipofika, Sista Mbwilo alilipokea kwa mikono miwili, akawashukuru mafundi wa Wizara, akawapa chai. Walipoondoka alimwita fundi seremala wa hospitali. Kufuli lilitolewa kwenye friji bila kuvunjwa, likafungwa vizuri kwenye kabati bovu la stoo ambalo ndani yake hakuna kitu. Kufuli halikujua tofauti. Lilijifunga, likatuma habari makao makuu kwamba liko salama. Friji la damu likapigwa komeo la kawaida, la kuvuta kwa mkono.

Nyalusi aliiona taa ya Mtungwe ikiwaka kijani na kubaki hivyo. Wiki zilipita haijabadilika. Kwa kazi yake alitakiwa kuuliza. Alipiga simu wodini, Sista akapokea.

"Sista, kufuli lenu halijafunguliwa tangu lifungwe."

"Ndiyo, kaka."

"Na wazazi wanaendeleaje?"

"Wanaendelea vizuri," alisema Sista. "Jana tulikuwa na mapacha. Mama yao aliongezewa chupa mbili."

Nyalusi aliitazama tena ile taa ya kijani. "Basi sawa," alisema, na akakata simu.

Waziri alipofika kukagua chumba kile alisimama mbele ya taa ya Mtungwe.

"Hii vipi?"

"Imefungwa, Mheshimiwa."

"Haijafunguliwa kabisa?"

"Hata mara moja."

Waziri alifurahi sana. Alielewa mara moja maana yake, kwamba watu wa Mtungwe hawahitaji damu tena, kwa sababu Mapambazuko yamewapa afya. Aliagiza wauguzi wa hospitali zote waende Mtungwe wakajifunze siri ya mafanikio yale. Wakaenda, kundi baada ya kundi, Sista akawapokea, akawapeleka stoo, na hakuna hata kundi moja lililohitaji kukaa zaidi ya asubuhi moja.

Mpaka leo, katika nchi ile, taa zote ni za kijani. Hakuna kufuli hata moja la damu lililowahi kufunguliwa, kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, na Waziri hulisema hilo katika kila hotuba. Akina mama wanajifungua, wanaongezewa damu, na wanarudi nyumbani kwao.